Kuachia barabara kwenye urasimishaji: kisa cha njia moja na wenye viwanja wake

Kwanza kabisa

Kisa hiki ni cha mtaa mmoja pembezoni mwa mji mkubwa hapa Tanzania. Jina la mtaa, la kampuni, la halmashauri na majina ya watu wote nimeyatoa, na vitu vichache ambavyo vingemfanya mtu atambulike nimevibadilisha. Mimi nilikuwa naisaidia kamati ya urasimishaji, yaani ya kuyapanga na kuyapima makazi yaliyojengwa bila mpango ili wenye viwanja waweze kupata hati, kama mtu wa mipango miji, sikuajiriwa na kampuni wala halmashauri, kwa hiyo vikao vingi nilikaa upande wa wananchi na nilisikia mambo ambayo hayasemwi mbele ya maafisa. Naandika kwa ajili ya wanakamati, wenyeviti wa mitaa na vijana wa mipango miji na upimaji wanaoingia kwenye kazi hii wakidhani ugumu uko kwenye kupima. Kupima kuna mashine. Shughuli ni kumwambia mtu aliyenunua kiwanja kwa jasho lake asogeze ukuta ndani, bila kulipwa hata shilingi, na akubali kwa moyo wake na asaini.

Eneo lilivyokuwa

Zamani yalikuwa mashamba ya mikorosho na mihogo, ya koo chache zilizokuwepo hapo miaka yote. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kuuza vipande, mtu anahitaji ada anakata kipande, msiba umetokea anakata kingine, mauziano yanaandikwa kwa mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili watatu, na mpaka unaandikwa "kuanzia mnazi hadi kwa jirani yake fulani". Njia walikuwa wanaachiana kwa mazoea. Halafu watu wakajenga, wakaweka fensi, na kila anayejenga fensi anasogea nje kidogo, huyu futi moja yule futi moja na nusu, mpaka njia iliyokuwa inapitisha lori la mchanga ikabaki ya bajaji, na sehemu nyingine bajaji nayo inakwaruza. Gari la kunyonya choo halifiki, choo kikijaa mtu anachimba shimo lingine pembeni. Mgonjwa anabebwa mpaka barabara kubwa. Moto ukitokea ni ndoo na mchanga tu.

Nitazungumzia zaidi njia moja, tuiite njia ya kisimani, maana ndo mradi wote ulikwama pale na ndo uliponasuka.

Wenye viwanja walikuwa wa aina tatu na nawaomba muwatofautishe toka siku ya kwanza. Kuna wenyeji, familia zilizobaki na maeneo makubwa kidogo. Kuna walionunua vipande vidogo na wanaishi humo humo. Na kuna wenye nyumba ambao hawaishi hapo, wana wapangaji na mtu wa kuwakusanyia kodi. Hawa watatu barabara ni ile ile ila kila mmoja anaipigia hesabu zake.

Mapema kabisa kuna watu waliuliza, kwa nini tusipewe leseni za makazi kama zile zilizotolewa Dar es Salaam kuanzia miaka ya 2000, yote haya ya nini. Swali zuri sana. Leseni inakutambua pale pale ulipo, haigusi mpaka wa mtu, kwa hiyo haileti ugomvi. Lakini ni ya muda, na njia inabaki vile vile. Walichokuwa wanakitaka wengi ni hati, ya miaka 33, 66 au 99, na hati lazima kwanza kuwe na mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na upimaji, na mchoro hauidhinishwi kama viwanja havina barabara ya kufikia. Yaani huwezi kuyakwepa hayo mazungumzo ya barabara hata ungetaka.

Mkutano ulipita vizuri, rangi ndo ikaharibu

Mkutano mkuu wa mtaa ulijaa. Kamati ikachaguliwa, kampuni ya kupanga na kupima ikatambulishwa, mkataba ukawa wa pande tatu: wananchi, kampuni na halmashauri. Michango kwa awamu, kupitia akaunti ya benki, risiti unapeleka kwa katibu. Mtu akauliza barabara zitakuwaje, akajibiwa zitakuwepo, watu wakapiga makofi. Hapo hakuna aliyekuwa ameuona mchoro, na hayo makofi baadaye kampuni ilikuwa inayataja kama ushahidi kwamba wananchi waliridhia.

Rasimu ikachorwa kwa picha ya satelaiti. Barabara za ndani ziliwekwa mita 6, mistari imenyooka vizuri, ukiangalia unapenda. Ikabandikwa ukutani ofisi ya mtaa. Watu wakawa wanakuja, wanatafuta bati la nyumba yao kwa kidole, wanapiga picha kwa simu. Kabla hata mjadala haujaanza, kampuni ikatuma vijana kwenda kuweka alama mahali barabara itakapogusa, na walienda na rangi nyekundu.

Kila anayeishi kwenye makazi yetu haya anajua rangi nyekundu ukutani maana yake nini. Hata kama kijana kachora mshale au nukta, mama anayerudi sokoni anaona X. Jioni ile ile kukawa na sauti inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mtu anasema tunabomolewa, wameuza eneo kwa mwekezaji, kamati imekula hela. Asubuhi michango ikasimama. Hata waliokuwa hawaguswi na barabara wakagoma kulipa, na wawili watatu wakarudi kwa katibu kudai chao.

Sheria ikatajwa vibaya

Ukaitishwa mkutano wa kutuliza. Afisa mmoja, naamini kwa nia njema maana alikuwa amechoka kama wote, akasimama akasema msipotoa kwa hiari serikali itatwaa kwa mujibu wa sheria. Ukumbi ukawa kimya kidogo, halafu mwalimu mstaafu mmoja akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, serikali ikitwaa si inalipa fidia?"

"Ndiyo mwalimu, kwa utaratibu."

"Sasa hapa mnasema hakuna fidia. Mnataka tutoe bure, halafu mnatutisha kwa sheria ya wanaolipwa. Naomba unifafanulie."

Hakufafanuliwa, na mkutano ukafa pale pale. Mwalimu alikuwa sahihi. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ipo, lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 imeweka wazi kwamba anayechukuliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Urasimishaji unaendeshwa kwa njia nyingine, sheria hiyo hiyo ya 1999 ina sehemu yake kuanzia kifungu cha 56 hadi 60, na eneo la barabara linatolewa kwa makubaliano kwa sababu hamna bajeti ya fidia. Kama ni makubaliano, basi mwenye kiwanja ana haki ya kusema hapana na wewe ufanye kazi ya kujua kwa nini amesema hapana. Ukimtishia umeshabadilisha utaratibu kwenye kichwa chake, na kuanzia hapo kila karatasi unayomletea asaini anaiona mtego.

Kamati ilivyoamua

Tulikaa kikao kirefu nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati. Maamuzi yalikuwa machache. Rangi ifutwe, na wafute wale wale vijana wa kampuni mchana watu wakiona, na wakifika kwa mtu waombe radhi. Neno kutwaa lisisikike tena kwenye kinywa cha mtu yeyote wa mradi. Mikutano mikubwa ya mtaa isimame, badala yake kila njia wakae wenyewe wenye viwanja vinavyopakana na njia hiyo. Na mchoro ushuke kutoka ukutani uje chini, kwenye udongo.

Hilo la kukaa kwa njia lilipingwa sana na kampuni. Wao walitaka kwenda kwa mtu mmoja mmoja, kimya kimya, kuanzia na walio laini. Sababu ya kamati kukataa ni kwamba tulishaona mtu akifuatwa peke yake anaamini mwenzake kapewa masharti nafuu, na jirani naye anaamini hivyo hivyo, wote wawili wanasubiri mwingine aanze. Mkutano wa mtaa mzima nao una tatizo, wanaozungumza sana ni wasioguswa. Mtu ambaye barabara iko nyumba ya nne kutoka kwake ni mwepesi mno wa kusema wenzetu tuwe wazalendo.

Kamba na chokaa

Ikapangwa Jumapili jioni, watu wako nyumbani. Mpimaji msaidizi, tepu, kamba ya katani na mfuko wa chokaa. Tukaanza juu, kwenye kona, kushuka kuelekea kisimani. Katikati ya njia iliyopo inatafutwa kwa tepu, inawekwa kigingi, halafu kutoka pale inapimwa mita 3 kulia na mita 3 kushoto, kamba inavutwa, chokaa inamwagwa kufuata kamba. Watoto ndo waliokuwa wanashika kamba. Mahali mstari ukiingia ndani ya fensi mwenye fensi anafungua geti, chokaa inaendelea humo humo uani, inapita pembeni ya kamba za nguo, inakata karo, inatokea upande wa pili.

Kufika nyumba ya katibu wa kamati, mstari ukapita katikati ya shimo lake la choo. Watu wakasimama wakamwangalia. Akamwambia kijana wa chokaa mwaga. Akamwaga. Nadhani dakika ile ilifanya zaidi ya vikao vyote vya nyuma, maana maneno ya kwamba wanakamati wamejichorea pembeni yalikuwa yameenea kweli kweli, na sasa chokaa iko juu ya choo cha katibu na kila mtu anaiona.

Lakini chokaa ilituonyesha na sisi kitu ambacho picha ya satelaiti ilificha. Kwa mita 6 mstari ulikuwa unakata vyumba vya kulala vya nyumba saba. Juu linaonekana bati tu, huwezi kujua chini ya bati ni kibaraza au ni chumba cha bibi. Tukarudia kwa mita 4.5. Vyumba vikapona vyote, ikabaki fensi, vibaraza, fremu mbili na mashimo ya vyoo. Afisa mipango miji wa halmashauri akaitwa aje aone kwa macho, akatembea njia nzima juu ya chokaa, akakubali mita 4.5 kwa sharti la kubaki mita 6 kwenye kona mbili na kuwe na sehemu ya gari kugeuza karibu na kisima. Sababu yake ilikuwa nzito na wananchi waliielewa: gari la zimamoto na la kunyonya choo likishaingia lazima litoke, upana wote duniani haukusaidii kama kona imebana.

Hapo wengi wakasaini. Wakabaki wanne.

Mzee mwenye makaburi

Huyu ni mwenyeji, eneo lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote kwenye njia ile, na barabara isipopita kwake njia inaishia ukutani. Mara ya kwanza vijana wa kampuni walienda wenyewe. Akawasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja, hiyo barabara yenu inapita juu ya mama yangu? Wakaangalia mchoro, pale pana miti tu. Kumbe chini ya miti ni makaburi ya familia. Kijana mmoja akamjibu mzee, makaburi yanahamishwa kwa utaratibu. Ni kweli sheria ya kuhamisha makaburi ipo, ya mwaka 1969. Mzee akanyanyuka akaingia ndani.

Kamati ikakaa muda bila kumgusa. Tulipokwenda tena tulienda na shemeji yake, mtu mzima mwenzake, na mchoro umeshapindishwa, mstari unapita mbali na makaburi.

"Shikamoo mzee wetu."

"Marahaba. Kaeni. Leo mmekuja na mtu mzima."

Hakuna aliyefungua mchoro mpaka alipouliza mwenyewe. Alipouona umepinda akamwita mjukuu wake amletee miwani. Akaufuata mstari kwa kidole taratibu, halafu akasema jambo ambalo kampuni nzima haikulijua: barabara haikuwa shida yake, shida yake ni watoto. Ana wake wawili, watoto wengi wakubwa, na akifa leo, alisema, "hapa patauzwa kabla tanga halijaondoka."

Basi tukazungumzia hilo. Barabara ikipita katikati ya eneo lake, pande zote mbili zinakuwa na mbele. Eneo likigawanywa viwanja kwenye mchoro huo huo, kila kiwanja kinakuwa na namba yake, na kila mtoto au kila mke anaweza kuandikwa kwenye chake yeye akiwa hai. Anapunguza ukubwa, ndiyo, tena anatoa zaidi ya mtu mwingine yeyote, lakini alichobaki nacho kinajulikana ni cha nani na thamani yake inapanda kwa sababu gari linafika. Makaburi yakachorwa kipande chake peke yake, kimeandikwa makaburi, hakimo kwenye kiwanja cha mtu.

Hakusaini siku hiyo, na ilikuwa sawa. Akaita kikao cha familia. Mke mdogo akakataa kwa sababu viwanja vya upande wake viliangukia nyuma, hakuna aliyemuuliza kabla. Ikabidi mgawanyo urudiwe, upande wa bondeni ukakatwa kwa urefu badala ya upana ili kila nyumba ipate mbele na nyuma. Wake wote wawili wakasaini pamoja naye. Hili la saini ya mke msilichukulie kama adabu tu, nyumba ya familia haiguswi bila ridhaa ya mwenza na sheria ya ndoa ya 1971 inasema hivyo, lakini hata kama isingesema, barabara iliyokubaliwa na mume peke yake inafungwa na mke siku mume akisafiri.

Mama wa fremu

Mjane, ana fremu mbili mbele ya nyumba, moja duka moja fundi cherehani. Mita 4.5 sawa kwa sawa ilikuwa inakata nusu ya kila fremu. Alisema maneno machache tu, "Mwanangu, hiyo mita yenu ndo inanisomeshea watoto." Hapo huwezi kumhubiria mtu habari za maendeleo ya mtaa.

Ng'ambo yake kulikuwa na jirani mwenye uwanja wazi nyuma ya fensi ya tofali. Kiufundi ilikuwa rahisi, sogeza mstari upande wake, fremu zipone. Ila ukimsogezea yeye bila kumpa kitu umeua ule usawa uliowafanya wengine wasaini, kesho wote wanakuja na sababu zao. Tukakaa nao wote wawili pamoja na majirani wa njia. Wakafikia hivi: jirani anatoa zaidi kidogo, mama anapoteza kibaraza cha fremu na mlango mmoja unageuzwa, na gharama ya kujenga upya fensi ya jirani pamoja na kuugeuza mlango inabebwa na njia nzima. Wengine walitoa hela, wengine saruji, mmoja ni fundi akatoa kazi. Ikaandikwa nani anatoa nini, ikasomwa kwa sauti, nakala akabaki nayo jirani.

Na jirani aliweka sharti ambalo baadaye tulilitumia kwa kila mtu: fensi yake haivunjwi mpaka tofali na saruji viwe vimeshushwa pale pale mlangoni. Vikashushwa. Akavunja mwenyewe.

Warithi, na mwenye ukuta wa mawe

Kiwanja cha tatu kilikuwa cha marehemu, watoto watano, kaka mkubwa akasaini kwa niaba ya wote. Baada ya muda dada yao anayeishi mkoa mwingine akapiga simu kwa mwenyekiti, amesikia kiwanja cha baba kimegawiwa. Kampuni ilitaka kuendelea maana saini ipo. Kamati ikaifuta ile saini, kiwanja kikaandikwa jina la marehemu, familia ikaambiwa ikae kikao cha ukoo, imteue msimamizi wa mirathi, iende Mahakama ya Mwanzo ithibitishwe. Ilichelewesha mambo na watu walilalamika sana. Lakini msimamizi alipopatikana alisaini kwa haki, na yule dada aliyepiga simu kwa hasira ndiye aliyekuja kusimamia fensi ikisogezwa.

Cha nne ndo hakikwenda. Mwenye nyumba haishi hapo, ana ukuta wa mawe mpya, mzuri, na mtu wake anayekusanya kodi ndiye aliyehudhuria zoezi la kamba na akasaini kwenye daftari. Kamati ikahesabu ameridhia. Alipokuja kukagua nyumba akakuta chokaa ndani ya uwanja wake, akaenda baraza la kata kulalamika. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha tu, kwa hiyo wakaitwa pande mbili. Akatoa karatasi ya ofisi ya mtaa ya miaka ya nyuma inayomruhusu kujenga ukuta ule, ina muhuri na risiti. Akasema kwa utulivu kabisa, mliniruhusu, mkapokea hela, leo mnaniita mvamizi wa barabara. Hakuna aliyekuwa na jibu. Akaongeza kwamba ikibidi atakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kamati ikaona bora imwache.

Ilivyoishia

Mchoro uliidhinishwa, upimaji ukafanyika, bikoni za mipaka zikawekwa na namba za viwanja zikatoka. Michango ilirudi, polepole, na ilianzia njia ya kisimani halafu ndo njia nyingine zikafuata wakiwa wameona fensi kweli zinasogezwa. Gari la kunyonya choo linaingia, linageuza pale kisimani. Viwanja vya mzee vimeshaanza kuandikwa majina ya watoto.

Ukuta wa mawe upo. Pale njia inabana mpaka mita 3 halafu inafunguka tena, kiwanja kile hakijapimwa. Na wengi waliolipia upimaji hawajaenda kuchukua hati mpaka leo, kwa sababu baada ya upimaji kuna malipo mengine ya serikali pamoja na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, na hayo hayakuelezwa vizuri mwanzoni.

Kilichosaidia

Mimi nasimama kwenye jambo moja. Watu wale wote walikuwa wanaitaka barabara, hata yule wa ukuta. Walichogombania ni kuonewa: kwa nini mimi mita mbili na yule nusu. Mchoro ukutani hauwezi kumjibu mtu swali hilo kwa sababu hawezi kuusoma na hana sababu ya kumwamini aliyeuchora. Chokaa inamjibu, kwa kuwa anaona yake na ya jirani kwa wakati mmoja, na akibisha tepu iko hapo hapo. Kwa hiyo kugawana sawa kutoka katikati ya njia ndo ilikuwa kanuni, na kila tulipotoka nje ya kanuni hiyo, kwa mama wa fremu na kwa mzee, tulitoka hadharani na kwa sababu iliyotajwa na aliyetoa zaidi akapata kitu kinachoshikika.

Kupunguza upana nako kuna watu wa fani yangu wanakuona kushindwa. Sikubaliani nao. Urasimishaji unarekebisha kilichopo, na barabara ya mita 4.5 inayopitika leo ni bora kuliko ya mita 6 iliyoko kwenye karatasi huku chini watu wamerudisha fensi. Hata mtaa wa Hanna Nassif kule Kinondoni, Dar es Salaam, miaka ya 1990, mifereji na barabara vilijengwa kwa kufuata makazi yalivyokaa, wakazi wakiwa ndani ya kazi yenyewe. Pasipotakiwa kupunguzwa ni kona na sehemu ya kugeuzia, hapo simameni imara.

Halafu suala la nani anazungumza. Kwa mzee, kijana mwenye ujuzi wote wa ramani alifunga mlango na shemeji akaufungua. Mtu wa ufundi awepo, ila aje wa pili.

Kilichoshindikana

Wapangaji hawakuwepo popote. Fundi cherehani kwenye fremu ya mama aliambiwa mwishoni mwishoni kwamba mlango wake unageuzwa, akahama, na wateja wake wakapotea. Tulizungumza na wenye ardhi kana kwamba wao peke yao ndo wanaishi pale, na ukizingatia mitaa hii ina wapangaji wengi kiasi gani hilo ni pengo kubwa. Angetakiwa kuwa kwenye kile kikao cha majirani, na gharama ya kumhamisha kwa muda ingeweza kuingia kwenye mchango wa njia bila mtu kuumia.

Eneo la wazi halikupatikana kabisa, hata la watoto kuchezea. Barabara ina majirani wa kila upande wanaofaidika nayo, kwa hiyo wanaweza kuchangiana. Uwanja unachukua kiwanja kizima cha mtu mmoja na wanaofaidika wametawanyika, wala hakuna njia ya kuwakalisha pamoja. Nafasi pekee ilikuwa kwenye eneo la mzee, kabla viwanja havijagawanywa, na kama mtaa ungechangishana kumnunulia nafasi ya kiwanja kimoja angeweza kufikiria. Hakuna aliyeliweka mezani kwa wakati, sasa hivi kila kipande kina namba na jina.

Mkataba wa kampuni nao ulikuwa unalipa kwa kiwanja kilichopimwa. Muda wa kukaa barazani kwa mzee haulipwi, muda wa kurudia kamba haulipwi. Ukiangalia hivyo unaelewa kwa nini waliharakisha na rangi. Halmashauri zinazosaini mikataba hii ziweke malipo ya awamu ya mazungumzo peke yake, yatolewe njia ikishasainiwa na wote.

Na kwa wenye nyumba wasiokuwepo, fomu ya ridhaa ambayo kamati ya mtaa wa jirani inaitumia sasa imeongezwa vitu: jina la mwenye kiwanja na la mwenza wake, saini zao wenyewe, kama yuko mbali basi barua ya kumteua mwakilishi iliyothibitishwa na wakili, nakala ya kibali chochote cha ujenzi alichowahi kupewa na ofisi ya mtaa, kipimo cha anachotoa kwa mita, na anachopewa badala yake kama kipo. Daftari la mahudhurio halihesabiki kama ridhaa. Mkusanya kodi anaandikwa kama shahidi wa zoezi, basi.